Geti la Mwalimu Mectilda

Haya, wewe uliyejinyoosha hapo karibu na jiko, nitegulie hiki: nikimfungia mlango anaingia, nikimfungulia anaondoka. Nani huyo?

Usiseme mwizi. Mwizi ukimfungulia haondoki mikono mitupu. Usiseme upepo pia, ingawa upepo utaukuta humu, tena mwingi. Na usikimbilie kunipa mji, nitaukataa. Kaa nacho hicho kitendawili, twende zetu mnadani Katesh.

Siku ya mnada Katesh, hata aliyekuja kununua sindano hurudi na kuku. Ng'ombe wanalia, wauza mitumba wanapiga makofi, vumbi linapanda mpaka mlima wenyewe unaonekana kama umejifunika blanketi. Katikati ya vurugu hiyo alikuwa anatembea Mwalimu Mectilda Ndunguru, mkuu wa Sekondari ya Maretu, shule ya bweni ya wasichana kule upande wa Mbulu. Alikuwa mtu wa Mbinga, serikali ndiyo iliyomleta. Miaka thelathini na sita, hajaolewa, mrefu, mweusi wa kung'aa. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha kijani chenye maua ya njano na sweta jeusi juu yake, kwa sababu baridi ya Julai huku haimwogopi mtu. Mkononi alishika fungu la funguo za shule. Funguo hizo hazikutulia hata siku moja. Akiwa na wasiwasi alizichezesha, na wasiwasi alikuwa nao kila siku.

Alikuwa ameinama kuchagua vitunguu vya jiko la shule aliposikia sauti juu ya kichwa chake.

"Habari za mnada, dada?"

Akainuka. Mbele yake alisimama mwanaume mwenye jaketi la mvua lililofifia na tabasamu ambalo halijafifia hata kidogo. Alimwelekezea kipaza sauti chenye kofia nyekundu ya sponji.

"Nzuri. Na hicho kitu usinisogezee."

"Hiki? Hakiumi. Naitwa Gidion Qamara, wa Redio Ukingo, hapa hapa Katesh."

"Mimi ni mtumishi wa umma. Sisemi na waandishi."

"Lakini nakuuliza habari za vitunguu tu, dada yangu."

"Hata vitunguu vina msemaji wao. Mtafute."

Gidion akacheka, akashusha mkono. Hapo ndipo alipokosea, maana nyuma yake palikuwa na beberu mmoja amefungwa kwenye nguzo, ana njaa tangu alfajiri. Beberu akaona kitu chekundu, akadhani ni tunda. Kofia ya sponji ikaingia mdomoni yote, na waya ukawa unafuata.

"Toa! Toa wewe!" Gidion akavuta. Beberu naye akavuta. Watu wakaanza kuchagua upande wa kushangilia. Mectilda akaona mchezo utakuwa mrefu. Akapita katikati, akamgonga beberu puani kwa fungu la funguo, kwa! Beberu akaachama, sponji ikatoka ikiwa nusu.

Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu. Wanafunzi wake wangemwona hivyo wangeuliza ni nani.

"Unajua kinasa sauti changu kilikuwa kinanasa?" Gidion alisema huku anapangusa mate ya mbuzi. "Nimekupata. Kicheko kizima."

"Ukikitoa hewani nakushitaki."

"Nakiweka mwenyewe. Sasa nijibu moja, mwalimu. Nikija shuleni kwako na kinasa, utanifungulia geti?"

"Ukija na kinasa, uje na kibali."

"Na nikija bila kinasa?"

Mectilda akainama. Akaokota vitunguu vyake. "Nina gari linaningoja," alisema, akaenda. Namba ya simu alimpa. Swali hakulijibu.

*

Mapenzi ya watu wazima wenye kazi hukaa ndani ya simu. Kila siku saa nne, wakati wa chai, simu ya mkuu wa shule iliita, na walimu ofisini wakaanza kukohoa kwa makusudi.

"Mwalimu wangu, umekunywa chai?"

"Nakunywa. Na wewe muongo, umeshamdanganya nani leo?"

"Leo nimesema mvua itanyesha."

"Haijanyesha."

"Basi wingu ndilo limedanganya. Mimi nimenukuu tu."

Jumapili, baada ya misa, Mectilda alishuka Katesh. Walikula nyama ya kuchoma, Gidion akamchagulia vipande laini, akamfundisha kusalimia wazee wa Kiiraqw bila kung'ata ulimi. Akamwonyesha kwa mbali upande wa kwao Bashay, ambako mama yake alikuwa ameanza kuuliza huyo mwalimu ataletwa lini. Kila kitu walizungumza, isipokuwa kimoja.

"Shule haizungumzwi," Mectilda alimwambia mapema. "Ukiniuliza habari ya shule, naondoka na sahani yangu."

Alikuwa na sababu. Mkuu aliyemtangulia Maretu alipigwa picha na mwandishi, nyuma yake wanafunzi wamebeba kuni. Akakataa kueleza kwa nini wamebeba. Gazeti likaeleza lenyewe. Wiki hiyo hiyo barua ya uhamisho ikafika, na Mectilda, makamu wake wakati huo, akamsaidia kupakia magodoro kwenye pikapu. Toka siku hiyo akaweka moyoni kwamba mwandishi ni moshi. Ukiona anakuja, funga madirisha.

Wewe niambie, mtu anampenda mwanaume kuanzia shingoni kushuka chini, kichwa chenye mdomo wake anakifungia nje, itakuwaje? Ikawa hivi.

Jumamosi moja ya Novemba, siku mbili kabla ya mtihani wa kidato cha nne, upepo ulishuka kutoka mlimani saa tisa alasiri. Haukubisha hodi. Uliinua paa la bweni moja zima, mabati na mbao zake, ukaenda kulitupa kwenye shamba la mahindi. Mungu ni mwema, wasichana walikuwa darasani wanajisomea. Aliyeumia alikuwa mmoja tu, Agatha, wa kidato cha nne, mtoto wa wafugaji wa Yaeda Chini. Alikuwa amerudi bwenini kuchukua daftari, bati likamchana mkono wa kushoto. Muuguzi wa zahanati akamshona nyuzi tano, Agatha akauliza kama ule wa kuandikia uko salama.

Mectilda akatoa taarifa kwa afisa elimu. Akahamishia wasichana kwenye madarasa mawili. Akahesabu vichwa mara tatu. Yote hayo aliyafanya vizuri, sitamnyima haki yake. Halafu akamwita mlinzi.

"Mzee Yona, funga geti. Mzazi asiingie, mwandishi ndiyo kabisa."

"Na wakiuliza, mkuu?"

"Waambie warudi siku nyingine. Waandike kwenye kitabu cha wageni, waende."

Mzee Yona alikuwa mtu wa kitabu. Hata fundi wa choo hakupita getini bila kuandika jina, saa na sababu ya kuja. Akaitikia, akafunga.

Makamu wake, Mwalimu Efrazia, mwanamke mnene mwenye kauli za moja kwa moja, akamfuata ofisini.

"Mkuu, tuwapigie wazazi. Tuwaambie paa limeruka, watoto wazima."

"Nikisema tu, kesho ni habari."

"Usiposema ni habari ya nani?"

Funguo zikalia mkononi mwa Mectilda.

Jumapili jioni simu iliita. *Gidion.* Ikaita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Mectilda akaigeuza kifudifudi mezani kama karata mbaya. Alijua angeulizwa, na alijua asingeweza kumdanganya. Akatembea, akakaa, akainuka, akapanga vitabu vilivyokuwa vimepangwa.

Jumatatu mtihani ukaanza. Maretu walikuwa na utaratibu wao siku za mtihani. Simu za wote, kuanzia mpishi mpaka mkuu, zinafungiwa kwenye kabati la chuma asubuhi, zinatolewa jioni. Mectilda ndiye aliyeuweka utaratibu huo, akawa wa kwanza kuweka simu yake na kugeuza ufunguo mwenyewe. Kwa hiyo siku nzima kabati lililia kama lina nyuki, asisikie mtu.

Na nje huko? Katika magrupu ya simu, bati lililomchana msichana mmoja lilikuwa limeshaua. Mchana likaua mmoja, kufika saa tisa likaua watatu. Kuna mtu akaweka hata picha ya jeneza, sijui alilitoa msiba gani.

Jioni saa kumi na moja walimu walikuwa wanapakua chakula, redio ndogo ya Efrazia inaimba dirishani. Muziki ukakatika. Sauti aliyoizoea Mectilda kila saa nne ikaja, lakini leo haikuwa na chai ndani yake.

"Paa la bweni la Shule ya Sekondari Maretu limeezuliwa na upepo. Wazazi wana hofu juu ya usalama wa watoto wao. Kituo hiki hakijathibitisha madai ya vifo. Mkuu wa shule hiyo, Mectilda Ndunguru, amekataa kuzungumza."

Kijiko kikamponyoka. Alikwenda kwenye kabati karibu anakimbia, akatoa simu, akapiga.

"Mectilda! Afadhali. Uko..."

"Nimekataa? Lini umeniuliza nikakataa?"

"Nimekupigia mara kumi na moja toka jana!"

"Umenipigia kama nani, Gidion? Kama mpenzi au kama redio?"

"Kwani nina simu ngapi? Nilitaka kujua kama umepona!"

"Ungejua nimepona usingenianika mbele ya mkoa mzima. Umeniuza."

"Sawa. Nijibu sasa, watu wakusikie. Kuna mtoto amekufa?"

"Simjibu mtu aliyekwisha kunihukumu," Mectilda alisema, akakata. Akabaki amesimama, simu kifuani, machozi yanatafuta njia. Jibu lilikuwa neno moja tu. Hakuna. Alikuwa nalo mdomoni, akalimeza kwa hasira.

*

Jumanne, kabla jua halijapasha moto, geti lilikuwa linatikiswa.

Wazazi walikuwa kama arobaini. Wengine walikuja na pikipiki. Wa Yaeda Chini walikuwa wamepanda lori la mizigo toka jana yake, nywele nyeupe kwa vumbi, shuka mabegani. Mbele kabisa alikuwa baba yake Agatha, mwembamba, fimbo mkononi, sauti imekauka.

"Nipeni mtoto wangu! Kama mzima nampeleka nyumbani. Kama maiti nampeleka nyumbani!"

Mectilda alisikia akiwa ofisini, akatupia macho ratiba ya mtihani. Saa mbili kamili karatasi ya hesabu inafunguliwa. Msichana atakayetoka getini asubuhi hii, miaka yake minne imetoka naye. Agatha wa kwanza. Nyuma yake labda thelathini. Na vifo vya uongo vingefanya kazi iliyoushinda upepo.

Akatoka mpaka getini. Kwa kuzoea, akamwambia Mzee Yona, "Lete kitabu waandike." Akakipokea yeye mwenyewe, akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Akasimama hapo hapo.

Mwandiko aliujua. Uliwahi kumwandikia jina lake kwenye karatasi ya kufungia maandazi.

*Jumapili, saa kumi. Gidion Qamara, Redio Ukingo. Sababu: kusikia upande wa mkuu wa shule. Nimeambiwa nirudi.*

*Jumatatu, saa mbili asubuhi. Gidion Qamara. Sababu: kusikia upande wa mkuu. Nimeambiwa nirudi.*

*Jumatatu, saa sita. Gidion Qamara. Sababu: ile ile.*

*Jumatatu, saa tisa. Gidion. Sababu: kumwona Mectilda kama ni mzima. Si kazi.*

"Mzee Yona! Mbona hukuniambia?"

"Shikamoo kwanza nimenyimwa leo, mkuu," mzee alisema taratibu. "Ulisema waandike, waende. Ameandika, ameenda. Hii ya mwisho alikaa kwenye jiwe lile pale saa nzima. Nikampa maji."

"Shikamoo, mzee wangu. Nisamehe."

"Marahaba. Sasa hawa nao waandike, waende?"

Mectilda akatazama geti. Chuma hicho kilizuia kila mtu aliyekuja na swali, hakikuzuia hata uongo mmoja. Haya, kitendawili changu umeshakitegua? Ni uvumi. Ukiufungia mlango unapita chini yake. Ukiufungulia, ukamkuta mwenye nyumba amesimama na taa, unajiondokea wenyewe.

Funguo zikanyamaza mkononi mwake. Akachagua mmoja, akafungua geti lote, milango yake miwili pande zote.

"Wazazi wangu, shikamooni. Karibuni. Hakuna mtoto aliyekufa. Nisikieni vizuri, hakuna! Nilipaswa kuwaambia Jumamosi, sikuwaambia. Kosa ni langu. Njooni muone wenyewe."

Akawapeleka kwenye bweni lisilo na paa, wakainua macho wakaona mbingu. Akawapeleka madarasani, wakaona magodoro yamepangwa. Akamwita Agatha. Msichana akaja mbio, sare imepigwa pasi, bandeji mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia.

"Shikamoo, baba."

Mzee yule akamsogelea. Alimshika kichwa, akakigeuza huku na huku kama anayechagua tikiti.

"Baba, niache," Agatha alisema kwa kunong'ona. "Hesabu inaanza. Nimeisoma mwaka mzima hii."

Fimbo ikashuka. "Nenda," alisema. "Lakini mimi nakaa hapa mpaka utoke."

"Kaa, baba. Tutakupa uji," Mectilda alisema. Kengele ikagongwa, wasichana wakaingia, hakupungua hata mmoja.

Kabla ya kufungia simu kabatini alipiga mara mbili. Kwanza kwa afisa elimu, kuomba kibali cha kuzungumza na redio.

"Mwalimu," afisa akasema, "toka juzi nakungoja wewe uniombe. Sema ukweli, usionyeshe sura za watoto, basi."

Kumbe! Mlango alioudhani umefungwa na wakubwa, ufunguo ulikuwa kwenye fungu lake mwenyewe.

Ya pili ikaita mara moja tu.

"Mectilda?"

"Nimesoma kitabu cha wageni."

Akatazama saa ya ukutani, akaongeza:

"Mtihani unaisha saa tano. Njoo. Na kinasa."

*

Alifika saa tano na dakika tano, pikipiki inatoa moshi, jaketi linapepea kama mabati ya bweni. Mzee Yona akamletea kitabu. Gidion akaandika. Wakatazamana na Mectilda, watu wawili ambao hawakulala, kila mmoja ana maneno ya kumpiga nayo mwenzake, na kila mmoja anaogopa kuanza.

Mectilda alivaa lile gauni la kijani la mnadani. Sitaki kusema alilivaa makusudi. Ndilo lililokuwa limepigwa pasi.

"Nimekuandikia karatasi," alisema, akampa. "Kilichotokea, saa ngapi, wangapi, nani ameumia. Chini kuna nisichokijua bado, paa litarudi lini. Nimeandika sijui. Kuanzia leo swali lolote la shule, unaniuliza mimi au Mwalimu Efrazia. Saa nne simu ina mtu, hata siku za mtihani. Simu ya Efrazia haitafungiwa tena kabatini kama zilivyofungiwa zote jana."

"Asante, mwalimu." Akawasha kinasa. Kipaza sauti bado kilikuwa na ile sponji, nusu yake imeliwa. Mectilda akaiona, midomo ikamcheza.

Wakaenda hewani moja kwa moja. Akaulizwa kilichotokea, akaeleza. Akaulizwa kwa nini alinyamaza.

"Niliogopa," alisema. "Nilidhani nikifunga geti nailinda shule. Nikawaacha wazazi wangu gizani, wakasafiri kwenye lori kuja kutafuta maiti ambazo hazipo. Nawaomba radhi."

Baba yake Agatha, kikombe cha uji mkononi, akaitikia kwa kichwa kwa nguvu kama vile redio inamwona.

Ikawa zamu ya Gidion. Sauti yake ilikwaruza kidogo.

"Ndugu wasikilizaji, jana nilisema mkuu wa shule amekataa kuzungumza. Hakukataa. Simu yake ilikuwa imefungiwa kwa ajili ya mtihani, nami sikuuliza. Nilipaswa kusema hatukumpata. Kosa ni langu, si la kituo. Kutoka Maretu, mimi ni Gidion Qamara."

Akazima. Upepo ukapita, ukageuza kurasa za kitabu cha wageni.

"Hatukumpata na amekataa," Mectilda alisema. "Mwandishi mzima hujui tofauti?"

"Naijua. Ila nilikaa kwenye lile jiwe nikajiambia huyu mwanamke hanitaki. Nikaondoka na hasira ya mpenzi, nikaiandika kwa kalamu ya redio."

"Na mimi nilimfungia mwandishi, nikamfungia na mtu wangu humo humo."

"Mtu wako?"

"Usinihoji."

Gidion akacheka, kidogo. Kisha akafungua mkoba, akaweka kipaza sauti ndani, akaweka na kinasa, akafunga zipu. Akampa Mzee Yona mkoba wote auweke kwenye kibanda. Akatoka nje ya geti, akageuka, akasimama mikono mitupu.

"Mwalimu. Mnadani nilikuuliza mawili. La kwanza ulinijibu, kibali. La pili mpaka leo."

"Lipi?"

"Unalijua. Nikija bila kinasa?"

Mzee Yona akajifanya anatafuta kalamu. Dirishani kwa Efrazia pazia likasogea. Wasichana waliotoka kwenye hesabu walikuwa wamesimama mistari mistari, wamesahau kwenda kula. Mectilda akatafuta funguo zake azichezeshe, akakumbuka amezipachika getini toka asubuhi na hakuzikumbuka hata mara moja.

Akasogea mpaka kwenye mstari ambapo shule inaisha na barabara inaanza.

"Ukija bila kinasa," alisema, "geti lako si hili. Lipo Mbinga, nyumbani kwa baba yangu. Uje na mshenga."